Naombeni ushauri: niendelee na ufundi wa ndege, au treni za bomba zitaua soko?

Njiapanda_255: Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni kijana wa kiume, nasomea ufundi wa ndege, ada analipa mjomba. Tangu nianze kufuatilia Hyperloop, yale mabehewa yanayopita ndani ya bomba lililonyonywa hewa, usingizi sipati. Wanasema Los Angeles hadi San Francisco dakika 35, kasi inapita kilomita 1,200 kwa saa. Ndege ya abiria ni 900 hivi. Nikija kumaliza, ndege zitakuwepo kweli? Nihame mapema? Matusi sitaki, nina msongo.

Mzee wa Behewa: Hizo dakika 35 ni za kwenye makaratasi ya Elon Musk, 2013. Watu walipanda kwa majaribio Nevada, Marekani, Novemba 2020: abiria wawili, bomba la mita 500, kasi 172 kwa saa. Mwishoni mwa 2023 kampuni iliyofanya jaribio ikafunga ofisi. SGR yetu inakwenda 160 na imejaza watu hadi Dodoma.

Mama Mizigo: Mimi nimepanda treni ya sumaku ya Shanghai, ile inayoelea juu ya njia yake bila magurudumu kugusa, enzi hizo nafuata vitenge China. Kutoka uwanja wa Pudong kilomita 30, dakika nane tu, kwenye kioo nikasoma 431. Ila haifiki katikati ya mji. Unashuka, unaburuza mabegi kutafuta treni nyingine. Vitenge siku hizi havilipi, nauza vyombo. Anayetaka sufuria aje PM.

Mtumishi: Kijana, mjomba analijua hili?

Njiapanda_255: Mkuu, tuzungumzie teknolojia.

Mtumishi: Analijua au halijui?

Njiapanda_255: Halijui. Chuo nilishasimamisha. Ada ya muhula huu nimelipia kozi ya mtandaoni ya uhandisi wa treni za bomba. Sijaila hela, nimewekeza. Japani mwaka 2015 treni ya sumaku ilifika 603 kwa saa, mnabisha nini?

Mtumishi: Hela ya mtu hiyo. Kaombe radhi.

Fundi Spana: 603 ilikuwa majaribio. Njia yenyewe ya Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286, ilitakiwa ifunguliwe 2027. Sasa hata 2034 hawaahidi. Sehemu kubwa inapita kwenye mahandaki. Ndege inataka uwanja huku na uwanja kule, katikati ni anga la Mungu. Treni inakudai kila mita: fidia, daraja, handaki. Bomba ndiyo balaa zaidi, maana hewa lazima ibaki imenyonywa njia nzima, na chuma kinatanuka jua likiwaka. Kinachoumiza ndege ni treni ya kasi ya kawaida, tena safari fupi. Paris hadi Lyon ni saa mbili tangu miaka ya 80, unashukia mjini, hakuna kuripoti mapema. Umbali ukienda kilomita elfu na zaidi, ndege inashinda, na itataka fundi. Rudi chuo.

Njiapanda_255: Hata ndege zilichekwa mwanzoni.

Kipanga: Hii chai. ID hii hii juzi juzi ilileta uzi kwamba ni bodaboda wa Mbeya, mke kamkimbia na mpangaji. Leo fundi wa ndege?

Mama Mizigo: Nilikuwepo kwenye ule uzi! Nikamshauri hadi usiku.

Mzee wa Behewa: Na mimi nimepoteza bando kueleza Nevada.

Njiapanda_255: Yule ni kaka yangu, tunatumia simu moja.

Kipanga: Weka risiti ya kozi.

Njiapanda_255: Ipo kwenye email, nywila anayo kaka.

Fundi Spana: Kama kuna mwingine anayesoma hapa na yuko chuoni kweli, maelezo yangu yako palepale.

Mama Mizigo: Sawa, sasa huyo mke wa kaka alirudi?