Ukurasa wa mashua wachukua sekunde 6 kufunguka, shida iko wapi?

mwana_wa_gatini (Lamu): Assalam aleikum wandani. N'na webu ya kukodisha mashua hapa Lamu, nimeijenga kwa Django (ya Python), databesi ni PostgreSQL. Mashua moja yaenda sehemu nyingi, Takwa, Manda Toto, Kipungani, na kila sehemu yaendewa na mashua nyingi, nikaziunganisha kwa ManyToManyField. Ukurasa wa kwanza una mashua 40 na chini ya kila moja sehemu zake, basi mgeni yuko pale gatini simu mkononi asubiri weee mwisho aondoka na mwengine. Nimelipia seva kubwa zaidi na wapi, vile vile. Nisaidieni, msimu huo waja.

fundi_shela: Waleikum salam. Seva muachie mwenyewe, haina kosa. Ukiwa ndani ya lupu, wapitia mashua moja moja, waita mashua.sehemu.all() kila mashua yapiga kweri yake (ombi kwa databesi), 1 ya orodha na 40 za sehemu, jumla 41. Ni kumtuma mtoto dukani chumvi arudi, kiberiti arudi. Weka Mashua.objects.prefetch_related('sehemu') zitakuwa 2 tu, ya pili yaleta sehemu zote kwa mpigo na Django yazigawa yenyewe.

mwana_wa_gatini: Nimeweka kaka, nimehesabu kwa debug toolbar, ile yaonyesha kweri za ukurasa, sasa ni 42!! Nazitoa sehemu zilizofungwa kwa .filter(wazi=True), yaweza kuwa ndiyo?

fundi_shela: Ndiyo hiyo hiyo. Ukichuja baada ya prefetch Django yaacha ilivyobeba yarudi databesi upya. Chujio litie ndani: Prefetch('sehemu', queryset=Sehemu.objects.filter(wazi=True), to_attr='sehemu_wazi'), kisha kwenye templeti (faili la ukurasa) soma sehemu_wazi.

dada_wa_malindi: Naongeza hapo kwa sababu iliniliza mimi wiki nzima. Mgeni akitaka mashua inayofika Takwa NA Manda Toto usitumie sehemu__in, hiyo inaleta yenye mojawapo na yenye zote inatokea mara mbili. Fuatanisha filter mbili. Na wanaojitengenezea kwa mkono jedwali la kati, lile linalounganisha mashua na sehemu, ufunguo wa (mashua_id, sehemu_id) unasaidia ukianza na mashua, ukitafuta kwa sehemu unahitaji indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) yake peke yake, PostgreSQL haikuwekei hata ukitangaza foreign key, yaani safu inayoelekeza jedwali jingine. Django inaweka, kwa hiyo wewe ndugu yangu uko sawa.

mwana_wa_gatini: Kweri 2! Wafunguka hata kwa simu ya mamangu. Mungu awalipe, sasa naingia hiyo ya Takwa na Manda Toto.