Maradhi yakizuka tena wakati wa kura, kaunti itusaidie vipi?

BiZuhura_Langoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Langoni, Lamu. Alhamisi kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu maandalizi ya dharura, na nimejiandikisha kusema juu ya kura. La uchaguzi wa 2022 bado liko moyoni. Sharti la barakoa lilikuwa limeondolewa tangu Machi, lakini mamangu ana pumu na alikuwa na miaka 74. Tulifika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukakuta watu wamebanana kwenye baraza nyembamba mbele ya madarasa, madirisha yamefungwa. Akanishika mkono, "Mwanangu, turudi." Tukarudi. Hakuwahi kukosa kura kabla ya siku ile.

Najua uchaguzi ni wa IEBC, tume ya uchaguzi. Lakini afya ni jukumu la kaunti kwa Katiba ya 2010. Basi niiombe nini hasa, na mji wetu ni vichochoro visivyopita gari?

karani_Malindi
Waaleikum salaam Bi Zuhura, pole kwa bimkubwa. Nimekuwa karani mara mbili. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, lakini shule moja yaweza kuwa na vituo vitano, na wote hao hupita lango moja. Msongamano uko langoni na uani. Chumbani mtu huingia akatoka. Omba mahema, matangi ya maji yenye mfereji, sabuni, na vijana wa kupanga foleni tangu alfajiri.

Halafu ile mashine ya vidole, sote twagusa palepale. Kitakasa mikono kiwepo kabla na baada, na kidole kikauke kwanza, kikiwa na majimaji husumbua kusoma. Na wazee, wajawazito na walemavu hupewa nafasi ya mbele. Siku ile angepaswa kupitishwa, wallahi imeniuma.

MwanaKwale
Sisi Msambweni tulipiga kura ya uchaguzi mdogo tarehe 15 Desemba 2020, korona ipo. Barakoa na kunawa mikono kituoni. Inawezekana.

baba_Swaleh
Bi Zuhura, usiwaache wapunguze vituo kwa kisingizio cha maradhi. Milwaukee, Marekani, tarehe 7 Aprili 2020, makarani wengi walijitoa kwa hofu, vituo 180 vikabaki 5. Watu wakasimama masaa, wamerundikana kuliko siku ya kawaida. Kwa hiyo makarani wa akiba wafundishwe mapema, vijana.

Wiki moja baadaye Korea Kusini walipiga kura kwa glovu, na mwenye joto la 37.5 au zaidi akapelekwa kibanda cha peke yake. Hakufukuzwa. Sisi hatuna kura ya posta, kwa hiyo mgonjwa akirudishwa langoni ndiyo basi, kura yake imepotea.

BiZuhura_Langoni
Allah awalipe. Hilo la kibanda cha peke yake nitalianza nalo, kwa sababu wagonjwa wangu wa kifua huogopa kupimwa joto wakidhani watafukuzwa. Pia nitaomba uwanja wa Mkunguni uwekwe viti vya wazee, wakae kwenye upepo hadi waitwe, na vituo visihamishiwe mbali: kwa watu wa visiwani, kuhama kituo ni nauli ya boti.

Karani wa Malindi, hema la watu hamsini hukodishwa kwa kiasi gani huko kwenu? Nataka niende na hesabu mkononi.