Kilomita 53 za Serengeti: lami ipite au isipite?

Mwana wa Makutano
Wakuu, nauliza kwa nia njema. Barabara ya Makutano–Natta–Mugumu–Loliondo–Mto wa Mbu tunaahidiwa tangu niko shule. Upande wa Mara lami inasogea kidogo kidogo. Upande wa Loliondo kuna kipande cha Waso–Sale, kilomita 49. Katikati zimebaki kilomita 53 ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na mwaka 2011 serikali iliiandikia UNESCO kwamba hizo zitabaki changarawe chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Sasa barabara yenye lami huku na huku na vumbi katikati ni barabara moja au ni mbili zilizokataa kuonana? Mtu wa Musoma akitaka kufika Arusha, ama akatishe hifadhini kwa Seronera na Ngorongoro, alipe viingilio viwili kama mtu aliyekwenda kutazama simba, ama azunguke Mwanza, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati. Mtanzania, ndani ya nchi yake. Naomba hoja, matusi tuyaache nje.

Nyikani
Mkuu, hili lilishajibiwa. Nyumbu zaidi ya milioni moja hukimbilia kaskazini wakati wa kiangazi, kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, kwa sababu Mto Mara ndio maji yasiyokauka. Barabara yako inakata hapo hapo. Ukiweka lami gari litakimbia, na likikimbia litagonga. Siku basi likimvaa pundamilia usiku na watu wakafa, nyinyi wenyewe mtadai uzio. Botswana waliweka uzio wa kuzuia magonjwa ya ng'ombe, na miaka ya 1980 nyumbu wa Kalahari walikufa kwa maelfu, maji yako ng'ambo ya waya.

Halafu tuambiane ukweli, lami hiyo inampeleka nani? Loliondo haijawahi kuwa na foleni ya magari isipokuwa mwaka ule wa kikombe, watu walipomiminika kunywa dawa ya Babu.

Mura wa Mugumu
Mura, wewe hujala vumbi la kwetu ndiyo maana unazungumza hivyo. Mikumi mbona ina lami? Barabara ya Morogoro–Iringa inakatisha hifadhi karibu kilomita 50, malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, na tembo wapo. Kule mmeweka matuta, mabango na faini kwa anayegonga mnyama. Kwetu mnaweka makongamano.

Na kesi ilitoka wapi? Shirika la Nairobi ndilo lililoishtaki Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, likashinda mwaka 2014. Nairobi! Nyumbu wakishavuka Mto Mara, hoteli za jirani zinajaa. Huyo anayetulilia wanyama anajua analilia nini.

Nyikani
Usichanganye mambo. Mahakama haikuzuia barabara, ilizuia lami kukatisha hifadhi. Njia ya changarawe ipo na itaendelea kuwepo. Na Mikumi unayoisifia, muulize dereva yeyote wa njia ile ameona mizoga mingapi pembeni. Halafu wanyama wa Mikumi hawahami kwa pamoja zaidi ya milioni moja. Hapo unalinganisha mto na bomba.

Sale Juu
"Loliondo haijawahi kuwa na foleni isipokuwa mwaka ule wa kikombe."

Nimelisoma neno hilo mara tatu nikitumaini nimekosea kuelewa. Kaka Nyikani, mimi ni mzaliwa wa Sale. Kwetu kuna mifereji ya kumwagilia iliyochimbwa na mababu zetu Wasonjo kabla hata hiyo hifadhi yako haijapewa jina mwaka 1951. Tunalima, tunauza, tunaumwa, tunazaa. Wifi yangu alijifungulia ndani ya gari juu ya mteremko wa Engare Sero, usiku, kwa mwanga wa simu. Foleni haikuwepo, kweli. Lilikuwa gari moja tu, na yeye ndani yake. Sisi tusipopanga foleni ndiyo hatupo?

Kijana wa Waso
Dada umesema. Kila mtu akisikia Loliondo anakumbuka kikombe. Na Samunge yenyewe, kijiji cha Babu, iko Sale, Loliondo ni jina la tarafa nyingine, lakini nchi nzima imekariri "Babu wa Loliondo".

Nyikani
Sikumtukana mtu. Nilisema kuhusu wingi wa magari, na wingi wa magari ndio unaohalalisha lami, hiyo ni hesabu ya barabara popote. Nikikumbushia kikombe ni kwa sababu ndio wakati pekee nchi nzima ilijua njia hiyo ipo. Mnaona aibu ya nini? Viongozi walikwenda, mawaziri walikwenda, wenye uwezo walikwenda kwa helikopta.

Dereva wa Zamani
Nimeona mmefika kwenye kikombe, basi niseme, maana mimi nilikuwepo.

Machi 2011, gari la abiria, nimetoka Arusha. Njia ya Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, unakwenda na Ol Doinyo Lengai mkono wa kushoto, unapita Engare Sero, halafu ndio unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo juu kona zimebana na mawe yamelegea. Masika yalikuwa yameanza. Korongo likishuka maji mnakaa ukingoni mnalitazama, hakuna ujanja. Tukaikuta foleni kilomita nyingi kabla ya Samunge, magari yamesimama porini hapana maji, hapana choo, wagonjwa wamelazwa chini ya turubai. Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 tu. Gharama ilikuwa njia.

Nilikuwa na mama mmoja amekuja na wanawe wawili. Alikata roho kwenye kiti cha tatu nyuma yangu, tumeshaliona vumbi la magari ya mbele. Wanawe wakaniomba niendelee, wakisema labda hajafa. Niliendelea. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Kwa hiyo ukisema "mwaka ule wa kikombe" kwa mkato hivyo, mimi mwenzio naona kile kiti.

Sale Juu
Pole sana kaka Dereva. Marehemu apumzike.

Mpima Udongo
Pole, Dereva. Ila nishike hapo uliposema gharama ilikuwa njia, kwa sababu ni hoja ya kihandisi. Barabara ile ilibeba kwa miezi michache magari ambayo haikuwahi kuyabeba. Changarawe ikabebeshwa mzigo wa lami. Ndiyo maana watu wengi wa kule wanaamini kipande cha Waso–Sale kilikuja kwa sababu ya Babu.

Kijana wa Waso
Hapana hapana hapana. Lami ya Waso–Sale haikuletwa na Babu! Ahadi ya barabara hii ilikuwepo kwenye kampeni za 2010, kabla hata dunia haijamsikia mchungaji Mwasapila, huyo Babu mwenyewe. Mzee wa watu alifariki 2021, tumwache apumzike. Msitunyang'anye hata lami yetu mkampa yeye. Wazee wetu walikaa vikao vingapi kuidai?

Mura wa Mugumu
Kijana ana haki. Lakini na mimi niulize: Babu alisaidia au hakusaidia? Baba mdogo wangu alikunywa, akaishi miaka mingine sita.

Tabibu wa Pwani
Ndugu yangu, baba mdogo kuishi ni heri na namshukuru Mungu pamoja na wewe. Lakini mimi nilikuwa zamu miezi ile. Walirudi watu waliokuwa wameacha dawa za kupunguza makali kwa sababu waliamini wamepona. Wengine tuliwarudisha kwenye dozi, wengine walirudi wakiwa wamechelewa. Mti ule wa mugariga watu wa kule wanaujua kwa dawa tangu zamani, simdharau mtu. Ninachosema ni kwamba imani ya mtu isimwondolee kidonge chake.

Mura wa Mugumu
Hakuna aliyesema aache kidonge. Usinilishe maneno.

Tabibu wa Pwani
Sijakulisha. Uliuliza kama alisaidia, nimekujibu nilichoona.

Binti Meatu
Jamani. Uzi ulikuwa wa barabara. Mimi naileta njia ya kusini, ambayo kila mara ikitajwa watu wanaipita kama kituo kisicho na abiria. Karatu, Mbulu, Haydom, mto Sibiti, Meatu, Lalago, Maswa. Inaizunguka Serengeti yote kwa chini. Benki ya Dunia ilijitolea kusaidia njia ya kusini wakati ule wa mvutano. Daraja la Sibiti sasa lipo, zamani mto ukijaa Meatu na Mkalama zilikuwa nchi mbili. Kule kuna pamba, kuna vitunguu, kuna ng'ombe, kuna watu kijiji hadi kijiji. Hakuna nyumbu wa kugongwa. Kwa nini tung'ang'anie pale penye ugomvi?

Mura wa Mugumu
Kwa sababu njia ya kusini haipiti Mugumu, dada. Jibu ni hilo tu. Unanipa chakula kizuri kwenye nyumba ya jirani.

Binti Meatu
Na ya kwako haipiti Meatu! Afadhali sasa umesema wazi. Hatuzungumzii tena Musoma kufika Arusha, tunazungumzia kila mtu mlango wake.

Mura wa Mugumu
Ndiyo, mlango wangu. Mtu wa Serengeti wilayani anaishi na tembo anayemaliza mahindi usiku mmoja, akimgusa anafungwa, na akitaka njia anaambiwa nyumbu hawapendi. Nimechoka kuwa jirani mwema wa watu wasionisalimia.

Nyikani
Hapo kwenye tembo na mahindi niko na wewe kabisa, na fidia zinazocheleweshwa ni aibu. Lakini lami haimzuii tembo.

Mpima Udongo
Niwaeleze kitu kinachosahaulika, maana pande zote mnaizungumzia changarawe kana kwamba haina gharama kwa mnyama. Changarawe huisha. Magari yanaipeperusha, mvua inaibeba, na baada ya muda barabara inajikunja kama bati. Ili kuirudisha lazima uchimbe moramu mahali fulani, na mahali hapo ni shimo jipya ndani au kando ya hifadhi, kila baada ya misimu michache. Dereva naye akichoka kutikisika anatoka nje ya njia, anakanyaga nyasi, unapata njia tatu sambamba. Angalieni kipande cha Naabi kuelekea Seronera wakati wa watalii wengi.

Sisemi wekeni lami. Nyikani ana haki kabisa kuhusu mwendo: lami bila udhibiti inaua. Nasema msiiite changarawe suluhisho kisha mkaenda kulala. Changarawe inataka greda na bajeti kila mwaka, na tangu ile barua ya 2011 kwa UNESCO, ya Waziri Maige wa Maliasili, sijasikia watu wakibishana kuhusu greda, mnabishana kuhusu lami tu.

Mwana wa Makutano
Ndiyo nimerudi, samahani, nilikuwa safarini. Nimesoma yote. Dereva, umenigusa.

Naomba nilibadilishe swali langu. Nilipoanza nilitaka lami kilomita zote 53. Mpima Udongo amenitikisa kidogo, Sale Juu amenitikisa zaidi. Maana wifi yake hakujifungulia hifadhini, alijifungulia Engare Sero, ambako hakuna UNESCO wala mahakama iliyozuia chochote. Mto wa Mbu mpaka Sale hakuna hukumu inayozuia lami. Natta mpaka getini vilevile. Kwa hiyo tunagombania kilomita 53 wakati mamia ya nyingine hayana kizuizi, na bado yana makorongo?

Sale Juu
Hilo ndilo. Asante. Mimi nyumbu siwagombi, acheni wapite. Nipeni daraja kwenye makorongo ya bondeni na mnikwangulie ule mteremko. Nikifika Mto wa Mbu nimeshafika duniani.

Mura wa Mugumu
Kwa hiyo mimi ndiye nimeachwa. Watu wa Sale wanashukia Arusha, Meatu wana Sibiti, na sisi wa Mugumu tutabaki na geti linalofungwa jioni.

Nyikani
Mura, nisikilize bila hasira. Ndani ya hifadhi, usiku hakuna ruhusa ya kutembea, na iendelee hivyo. Lakini mabasi ya wananchi mchana, kwa idadi inayojulikana, bila malori ya mizigo, na abiria Mtanzania anayepita njia asitozwe kiingilio cha mtalii wa ndani. Hilo mimi nitalitetea popote. Kinachoniogopesha ni malori, basi la Mugumu halijawahi kuniogopesha.

Mura wa Mugumu
Ungeanza na hilo tusingefika Samunge.

Nyikani
Na Samunge niliwapeleka mimi. Dada Sale Juu, neno lile nimelirudisha. Samahani.

Sale Juu
Limepokelewa.

Binti Meatu
Njia ya kusini bado haijajibiwa.

Dereva wa Zamani
Aliyepita Engare Sero wiki hii aseme, korongo linapitika? Nina mzigo wa mbegu wa Digodigo, natoka Jumamosi alfajiri.

Kijana wa Waso
Subiri Jumatatu, mzee wangu. Jana jioni limeshuka maji, basi limelala ng'ambo na abiria wote.