Nimelipa mafundi watatu kuziba sampu moja, na hakuna hata mmoja aliyeisafisha

Wadau, naandika hii nikiwa bado na oili kwenye kucha na hasira hazijapoa, kwa hivyo mtanivumilia.

Gari ni Toyota ya injini ya 1NZ, ile ile iliyojaa mjini kwenye Probox na Fielder. Tangu Februari linadondosha oili pale kwenye sampu, lile bakuli la bati linalohifadhi oili chini ya injini. Nilianza kwa kuona doa kwenye kabro za ploti, kisha keateka akanipa chaguo mbili: nitandike katoni au nikaegeshe nje barabarani. Nikatandika katoni. Kila asubuhi kabla ya chai naenda kuichungulia kama mtu aliyeitiwa majibu ya maabara.

Fundi wa kwanza ni wa hapa hapa mtaani, Umoja, Nairobi. Aliingia chini ya gari dakika kumi, akatoka akipangusa mikono. "Boss, bolti zililegea. Nimekaza." Shilingi 800. Alikaza hadi nikamsikia akiguna, na mimi nikafurahi nikidhani kuguna ndiyo kazi yenyewe. Sasa najua: bolti za sampu ni vijitu vya milimita 6, spana ya kumi, na hazitaki nguvu ya kukaza zaidi ya nyutoni mita 10 hivi, yaani kidogo sana. Ukizidisha hapo, bati linabonyea pale kwenye tundu, na kati ya bolti na bolti panabaki mwanya. Yaani nilimlipa mtu anipanulie mlango wa oili. Wiki moja baadaye doa lilikuwa limekua.

Wa pili alinichoma roho zaidi kwa sababu nilimwamini. Gereji iko Ngara, ina bango, ina viti vya kusubiria, fundi amevaa ovaroli safi. Hiyo ovaroli safi ilipaswa kunishtua. Akaniambia gasketi ya sampu, ile pedi inayoziba kati yake na injini, imekwisha, na kwamba atanitafutia orijino kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, 1,500. Kazi 2,500. Nikatuma pesa kwa simu, saa tatu baadaye nikakabidhiwa gari.

Sasa shikeni hii vizuri: injini hii HAINA gasketi ya sampu. Kiwandani hupakwa silikoni tu, ikakauka ikawa ndiyo gasketi. Niliuziwa kwa 1,500 kitu ambacho hakipo. Nilipokuja kufungua mwenyewe nilikuta karatasi ya gasketi iliyokatwa kwa mkasi, imepakwa silikoni nyekundu huku na huku, juu ya mabaki ya silikoni ya zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabandua.

Wa tatu simtaji sana, hana makuu. Hata sampu hakufungua. Alipangusa kwa kitambaa, akazungusha silikoni kwa nje kama mama anayepamba keki, akadai 1,000. Silikoni haishiki juu ya oili, jamani! Ni sawa na kupiga rangi ukuta unaovuja maji. Ilibanduka yote kama ganda la ndizi nikiwa bado na chenji yake mfukoni.

Halafu ikaja Outering Road, jioni, jamu imeshika, gari limesimama linanguruma polepole, na taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza. Nikiongeza moto inazima, nikiachilia inarudi. Nilipima oili pale pale pembeni, kipimo kiko sawa. Hapo ndipo jasho lilinitoka. Oili ikiwa tosha na taa bado inawaka, maana yake kuna uwezekano haifiki inakotakiwa. Nikazima injini, nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani.

Jumamosi nikaamua liwalo na liwe, nafungua mwenyewe. Binamu yangu alinikopesha stendi mbili, na hapa lazima niseme kitu ingawa nimekasirika kuhusu mengine: msiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala kwa yale matofali ya ujenzi. Tofali halitoi onyo, linapasuka tu. Nimeona vijana wa mtaani wakifanya hivyo kila siku na Mungu amekuwa akiwafunika.

Kabla sijafungua bolti hata moja nikaosha injini yote chini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipiga poda ya mtoto ili oili ikitoka ichore njia yake, nikaiwasha dakika chache tu huku nikiikodolea ile taa macho. Haikuwaka, maana injini ilikuwa baridi na oili nzito. Nikachungulia kwa tochi. Ndiyo, sampu ilikuwa inavuja. Lakini kulikuwa na mchirizi mwingine mwembamba unatoka JUU, kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, unashuka kwa nyuma hadi kwenye ukingo wa sampu! Mafundi watatu, na hakuna aliyeinua macho. Oili huteremka, hilo halihitaji cheti. Chochote kinachovuja juu kitaonekana chini, na sampu ndiyo hubebeshwa lawama zote.

Oili ilitoka kwa bolti ya spana ya kumi na nne, nikaikinga kwenye karai. Kuitoa sampu yenyewe ndiyo kulinichukua saa nzima, kwa sababu ule uchafu wa gereji, silikoni juu ya silikoni, pale usipovuja ulikuwa umeshika kama saruji. Usiweke bisibisi ukanyanyua, utachimba alumini ya upande wa injini na hapo umejitengenezea uvujaji wa kudumu. Nilitumia skrepa nyembamba ya wapaka rangi, nagonga kidogo kidogo kwa nyundo, nazunguka.

Ikashuka. Nikamulika ndani.

Chujio la oili, ule wavu unaokaa ndani ya sampu na kunyonya oili kupeleka kwenye pampu, lilikuwa limezibwa karibu nusu na minyoo ya silikoni nyekundu. Huyo wa Ngara alipaka kama siagi ya mkate. Ukibana sampu, silikoni ya ziada hutoka pande zote mbili. Ya nje unaiona na kuipangusa, ya ndani inakatika, inaogelea, inanyonywa. Ningeendesha hivyo wiki mbili zaidi ningekuwa naandika uzi wa beringi zilizogonga na bei ya injini ya mkono wa pili. Alinilipisha 4,000 aniharibie injini, tena akanipa risiti.

Kisha nikafanya ile kazi ambayo kumbe ndiyo kazi. Kukwangua. Upande wa sampu saa moja na nusu, upande wa injini saa mbili, nimelala chali, vipande vinaniangukia machoni. Nikanyoosha ukingo wa sampu uliobonyezwa na yule wa kwanza, kwa kipande cha mbao na nyundo, hadi ukalala sawa juu ya kioo. Nikachokoa wavu hadi ukawa unaonyesha upande wa pili. Nikafuta pande zote kwa petroli na kitambaa kipya, nikarudia, nikarudia tena, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Na silikoni? Dakika tano. Uzi mmoja mwembamba wa milimita 3 hivi, unapita upande wa ndani wa kila tundu, usikatike. Unapandisha sampu mara moja kabla haijaanza kukauka, unakaza kwa zamu kutoka katikati kwenda nje, kwa mkono wa kawaida, bila kuguna. Nikaiacha ilale hadi kesho yake. Filta mpya, gasketi mpya ya tapeti kava, oili lita 3.7, taa ikazima ndani ya sekunde chache na haijarudi.

Tubu ya silikoni ya kijivu ilinigharimu 650. Gasketi ya tapeti kava, ambayo hiyo kweli ipo, 900. Mafundi watatu wamekula 5,800 na oili niliyokuwa naongeza sihesabu.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia "ulipenda rahisi". Ngara haikuwa rahisi! Na sisemi kila fundi ni mwizi, wapo wanaoheshimu kazi. Ninachouliza ni hiki: mbona hakuna anayetaka kukwangua? Tunalipia saa tatu za kusafisha, tunapewa dakika tano za kupaka. Mteja haoni ndani ya sampu, na wao wanalijua hilo kuliko sisi.

(Oili chafu niko nayo kwenye mtungi. Keateka ameshaiomba apake nguzo za ua kwa sababu ya mchwa. Afadhali huko kuliko mtaroni, ambako jirani zangu wa spana huimwaga mchana kweupe.)

NYONGEZA: Wengi mmeuliza kama nimerudi Ngara kudai pesa. Jana usiku nilimtumia yule fundi picha tatu: karatasi aliyokata kwa mkasi, wavu uliojaa minyoo yake, na katoni ya siku ya tisa ikiwa kavu. Amezisoma. Amekaa kama dakika kumi hivi anaandika, anafuta, anaandika. Kisha likaingia jibu: "Boss leo niko, leta gari tuangalie."