MREJESHO: Redio ya mzee ya masafa mafupi imefufuka (nusu)

Wakuu nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu redio ya marehemu mzee, ile ya bendi nne inayokula betri kubwa sita, ilikuwa inakwaruza tu ukigusa volyumu na masafa mafupi haishiki kitu.

Nilimsikiliza aliyesema nisikimbilie kwa fundi, nikapuliza sprei ya kusafishia kontakti kwenye swichi ya bendi na kwenye volyumu, nikazungusha weee mpaka mkono ukauma, mkwaruzo umekwisha kabisa. Pia nimevuta waya wa mita 10 kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, ncha nimeibana kwenye antena.

Sasa yule aliyesema nizime taa za LED na nichomoe chaja zote eti ndizo zinaleta mvumo redioni nilimuona mzushi (nisamehe mkuu), mpaka juzi usiku umeme ukakatika mtaa mzima, ule mvumo ukapotea palepale na mita 31 (sehemu mojawapo ya masafa mafupi) ikajaa stesheni, Kiarabu, Kichina, Kifaransa, sauti inapanda inashuka kama mawimbi, bi mkubwa akatoka chumbani kasimama tu mlangoni, eti mzee alikuwa anaitegea sikio hivihivi Dira ya Dunia ya BBC.

Kilichogoma: SW1 (bendi ya kwanza ya masafa mafupi) bado imekufa, kapasita (vile vipande vya ndani vinavyotunza chaji) nilizobadilisha hazijasaidia. Na kamba ya mshale (ile inayosogeza mshale wa stesheni ukizungusha kitufe) inateleza, nimejaribu mshipi wa kuvulia wapi, ndo kwanza umezidisha.

Asanteni sana wote. Mwenye kamba ya mshale anishtue.