Galaksi zikigongana, shimo jeusi la katikati linashibaje?

MpenziWaAnga
Wakuu habari za jioni. Nasikia galaksi mbili zikigongana yale mashimo meusi makubwa ya katikati ndo yanapata msosi na kunenepa. Sasa shimo jeusi si linavuta kila kitu muda wote? Kwa nini lisubiri mpaka galaksi nyingine ije? Mwenye uelewa anisaidie.

Darubini
Mkuu hapo kwenye kuvuta kila kitu ndo wengi wanapochanganyikiwa. Letu hapa kwenye galaksi yetu ya Njia ya Maziwa, linaloitwa Sagittarius A*, lina uzito wa majua kama milioni 4 na limetulia tu, linakula kidogo sana. Gesi iliyo mbali haidondoki yenyewe, inazunguka, na huo mzunguko ndo unaizuia isianguke, ni sababu ileile Dunia haidondokei kwenye Jua. Sasa galaksi nyingine ikisogea, mvutano wake unavuruga kila kitu, mikono ya galaksi inapinda, mikia mirefu ya nyota inachomoka, na gesi inapoteza ule mzunguko inaanza kuporomoka kuelekea katikati. Nyingine inaishia njiani inazaa nyota mpya, inayofika inatengeneza sahani kulizunguka shimo, inasuguana na kupata joto kali mpaka inaweza kung'aa kuliko galaksi nzima. Hiyo ndo kwaza.

Binti_Pwani
Na ushahidi upo jamani, tafuteni picha za NGC 6240, galaksi mbili zinazoungana, iko kama miaka ya nuru milioni 400 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Kwa mwanga wa kawaida unaona fujo tu, vumbi limefunika katikati. Ila 2002 wanasayansi wakatangaza kwamba teleskopu ya Chandra, ile inayoona eksirei, imeona mashimo MAWILI yote yanakula, yameachana kwa umbali wa kama miaka ya nuru 3,000. Eksirei zenye nguvu zinapenya vumbi, ndo maana bila hiyo chombo tusingejua. Mimi ile picha huwa siichoki.

MpenziWaAnga
Aisee! Kwa hiyo kila shimo kubwa limekua kwa ajali?

Darubini
Hapana, hapo tusizidishe. Teleskopu ya Hubble imeonyesha galaksi nyingi zenye shimo linalokula na umbo lao limetulia, hazina dalili ya kugongana karibuni. Gesi inaweza kusukumwa ndani taratibu hata na ule mstari mnene wa nyota unaokatiza katikati ya galaksi. Ninavyoona mimi ajali zinahusika zaidi na ile milo mikubwa.

Binti_Pwani
Nakubali, ila usisahau mashimo yenyewe nayo huungana. Yanapita katikati ya nyota yanazirusha huku na huku, yanapoteza nishati na kusogeleana, yakikaribiana kabisa yanatoa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe. Juni 2023 timu ya wanasayansi wa NANOGrav na wenzao walitoa ushahidi wa mngurumo wa mawimbi hayo, waliupata kwa kupima pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutuma mapigo ya redio, kwa miaka 15, na maelezo yanayopewa uzito zaidi ni jozi za mashimo kama haya.