UKOO WA MZEE ELINAMI – KIBOSHO 🌿

*Jumanne*

[20:07] Shangazi Ndeshi: Bwana Yesu asifiwe ukoo. Poleni na majukumu.

[20:07] Shangazi Ndeshi: Nilisema wiki iliyopita, nasema tena. Dirisha la udahili linakaribia kufungwa na Godi hajaomba chuo chochote. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwa Babu tulimalize. Anayekuja aandike jina.

[20:08] Shangazi Ndeshi: 1. Ndeshi ✅
2.
3.

[20:31] Shangazi Ndeshi: Tiki za bluu naziona. Na majina yenu nayaona.

[20:33] Ba'mdogo Nderingo: 2. Nderingo (kama kutakuwa na supu ya kisusio) ✅

[20:34] Shangazi Ndeshi: Nderingo si utani.

[20:34] Ba'mdogo Nderingo: Kisusio hakijawahi kuwa utani dada

[20:40] Mama Godi: Shikamoo wifi. Tunashukuru sana kwa kumkumbuka mtoto. Ila mwenyewe bado hajasema anataka nini.

[20:42] Shangazi Ndeshi: Marahaba wifi. Sasa aseme nini? Amesoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), ana daraja la pili. Chuo cha Uhasibu kipo Njiro, huku Arusha. Atakaa kwangu hapa Sakina, chumba kipo, shuka nimeshatandika. Baba yake angekuwepo tusingekuwa tunabembelezana hivi. Mwangalieni Aminieli, uhasibu umemlaza njaa lini?

[20:43] Ba'mdogo Nderingo: Mfano mzuri. Shida mfano haupokei simu 😂

[20:43] Wifi Rehema: 😂😂😂

[20:44] Shangazi Ndeshi: Rehema umecheka, jina hujaandika.

[20:52] Kelvin Machame: Shikamoo Shangazi. Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kidogo. Godi anataka upishi. Upishi wa mlimani, Kilimanjaro. Tangu arudi JKT ameshapanda na mimi.

[20:52] Shangazi Ndeshi: AMEPANDA NA WEWE WAPI?

[20:53] Shangazi Ndeshi: Mama Godi ulijua?

[20:58] Mama Godi: Aliniaga anakwenda Machame kwa rafiki.

[20:59] Ba'mdogo Nderingo: Mtoto hakudanganya. Geti la mlima lipo Machame 😂😂😂

[20:59] Wifi Rehema: Jamani mbavu zangu

[21:01] Shangazi Ndeshi: Mtoto wa EGM kubeba masufuria kichwani. Tumemchangia ada ya bweni miaka miwili ili akawe mgumu, mpagazi wa wazungu.

[21:09] Kelvin Machame: Shangazi kwanza mzigo wa mgumu unapimwa getini, kilo 20 mwisho. Si zile za zamani. Pili hakuna anayeamka akawa mpishi. Unaanza ugumu, unakuwa msaidizi jikoni, ukiaminika ndiyo unakabidhiwa jiko. Godi alibeba mzigo safari ya kwanza, safari iliyofuata mpishi wetu akamwomba yeye. Unajua kwa nini? Tulikuwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Pale hakuna maji, yanabebwa kutoka Karanga. Wali unachemka na hauivi, maana kule maji yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 90. Wasaidizi wengine wanaongeza maji tu, moto unakula gesi, wali unakuwa uji. Huyu alikuwa ameuloweka mchele tangu tumefika, akapima maji kwa kikombe, akafunika na kuweka jiwe juu. Mgeni mmoja alikuwa hajala tangu jana yake, yule mama akamaliza supu ya maboga bakuli mbili. Juu kule hamu ya kula inakwisha, supu ndiyo inapita. Na mgeni asipokula hafiki kileleni. Kwa hiyo jikoni si mahali pa kuweka mtu yeyote.

[21:10] Ba'mdogo Nderingo: Sasa nina njaa

[21:12] Mama Elia: Samahanini kuingilia mada. Nina vifaranga chotara wa wiki tatu, wameshachanjwa kideri. Anayehitaji aje inbox 🐥🐥

[21:12] Wifi Rehema: Bei gani mama Elia?

[21:13] Shangazi Ndeshi: Jamani!!! Vifaranga kesho!

[21:13] Ba'mdogo Nderingo: Godi atapika nini sasa bila vifaranga

[21:15] Shangazi Ndeshi: Kelvin mwanangu hadithi nzuri. Lakini mmesahau 2020? Ndege zilisimama, mlima ukabaki na ndege wa porini tu. Ulikuwa unafanya nini wewe mwaka ule?

[21:17] Kelvin Machame: Nilikuwa nachimba mifereji ya Babu

[21:17] Shangazi Ndeshi: Nimemaliza.

[21:26] Dada Manka: Shikamooni. Shangazi una haki kuuliza, lakini na uhasibu uulizwe hivyo hivyo. Mimi nilichagua kozi kwa kupenda jina lake. Nimemaliza chuo pale Moshi, nikaenda usaili wa mchujo Dodoma, tukajaa ukumbi mzima kugombea nafasi mbili. Leo nakula kwa kuandika vitabu vya vikoba vya akina mama wa Mbuyuni, kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia. Na naipenda. Niliijua kwa kukaa pembeni ya mtunza hazina mmoja siku za marejesho na kuona anavyohangaika na kikokotoo.

[21:28] Dada Manka: Godi kama unasoma (najua unasoma), mimi sikuulizi unapenda nini. Kila mtu anapenda mlima. Nakuuliza hivi: Aprili na Mei mvua ikinyesha na wageni hakuna, unakula wapi? Mpishi wa miaka hamsini yuko wapi leo, na magoti yake yakoje? Tafuta mmoja umuulize kwa mdomo.

[21:31] Kelvin Machame: Nitajibu la pili. Wengi wameacha. Namfahamu mmoja ana mgahawa Kiboriloni, mwingine yuko kwenye hoteli Karatu, huyo ana cheti. Wasio na cheti hoteli hazipokei.

[21:33] Dada Manka: Ndiyo hapo. VETA, wale wa ufundi stadi, wana chuo cha hoteli na utalii, upishi unafundishwa. Na hata aliyejifunzia kazini wanampima kwa vitendo, kinachopungua anaongezewa, anapewa cheti. Na huko ni Njiro pia.

[21:34] Ba'mdogo Nderingo: Kumbe wote mnampeleka Njiro, mnagombania kituo cha kushuka tu 😂

[21:35] Shangazi Ndeshi: VETA ni ya waliofeli.

[21:35] Ba'mdogo Nderingo: Ndeshi

[21:36] Ba'mdogo Nderingo: Futa hiyo

[21:36] Shangazi Ndeshi: Sikukusudia wewe.

[21:39] Ba'mdogo Nderingo: Mimi sikufeli. Nilichaguliwa shule ya ufundi na barua ninayo mpaka leo, Mama aliniwekea kwenye Biblia. Ng'ombe alikuwa mmoja na alikwenda kwa mtu mmoja. Tangu hapo mimi ni mtu wa kuchekesha kwenye vikao. Haya endeleeni.

[21:40] Wifi Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*

[21:47] Baba Mkubwa Aminieli (Dar): Nilikuwa kwenye kikao. Nasoma sasa. Mimi sikuomba ng'ombe auzwe, nilikuwa mtoto kama yeye. Na nimelipa ada za watu wangapi kwenye ukoo huu? Au tuhesabu na ile ya Himo?

[21:48] Shangazi Ndeshi: Kaka tafadhali. Himo tuliifunga.

[21:48] Baba Mkubwa Aminieli (Dar): Ilifungwa na nani

[21:49] Mama Godi: Jamani mwanangu anasoma haya.

[21:50] Shangazi Ndeshi: Narudisha mada. Jumamosi. 3. nani?

[22:04] Mama Elia: Babu alikuwa amelala, ameamka. Elia amemsomea yote. Ameomba ashikiwe simu.

[22:09] Mama Elia: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

[22:13] Wifi Rehema: Bando limekata, haifunguki. Amesemaje?

[22:21] Dada Manka: Naandika kama alivyosema, kukohoa kwake tu ndiyo nimeruka.

"Nimewasikia. Huyu mtoto amenisomea mpaka vicheko. La kwanza. Ng'ombe nilimuuza mimi. Nderingo, Aminieli hakukunyima kitu, niliyekunyima ni mimi. Mwenye deni ni mimi na bado niko hai, anayelidai aje kwa miguu yake, asinitumie kwa simu. La pili. Mimi nilipelekwa kupima kahawa kwenye chama cha msingi kwa sababu nilijua kusoma mizani. Sikuulizwa. Nimepima kahawa za watu, za kwangu zikakaukia mtini kwa kukosa mchumaji, na mama yenu alikuwa ananiangalia tu. Huyo kijana msimkalie kikao kama ng'ombe wa mnadani. Aje yeye na mama yake, aniambie kwa mdomo wake, nami nimwangalie usoni. Ndeshi na wewe uje, uje na hizo karatasi zako za chuo, usiziache. Wengine bakini makwenu."

[22:58] Shangazi Ndeshi: Aika Baba, asante.

[23:02] Baba Mkubwa Aminieli (Dar): Shikamoo Baba. Nimesikia. Nderingo nitakupigia kesho.

[23:05] Ba'mdogo Nderingo: 👍

*Jumatano*

[06:12] Shangazi Ndeshi: Bwana asifiwe. Kama alivyoelekeza Mzee, Jumamosi tutakwenda mimi, wifi na Godi. Ambao hamtakuja mchango uko pale pale, laki moja moja, tumeni kwangu. Iwe chuo kipi, ada haikwepeki.

[06:40] Wifi Rehema: Kwa hiyo mimi siji? Nimeshaomba ruhusa kazini.

[06:41] Ba'mdogo Nderingo: Njoo uchukue vifaranga

[07:15] Godi: Shikamooni wote. Shikamoo Babu, najua Elia atakusomea.

[07:19] Godi: Samahani nilikaa kimya. Shangazi asante kwa chumba. Dada Manka swali la Aprili sina jibu, nimelala nalo. Nimemwandikia yule mpishi wa Kiboriloni, amesema niende nikamsaidie siku za mnada nione mwenyewe. Halafu hesabu sizikatai. Kule juu mpishi ndiye anayegawa chakula cha siku zote, akikosea siku ya pili watu wanalala njaa siku ya tano, na ile hesabu nilimfanyia mimi. Ila kukaa mezani na hesabu za watu nisiowaona, sijui.

[07:20] Godi: Tatizo ni Jumamosi. Ijumaa tunaingia geti la Machame, siku saba, nimeandikwa msaidizi wa jiko. Tunashukia Mweka Alhamisi.

[07:21] Shangazi Ndeshi: Nani amekuruhusu?

[07:21] Shangazi Ndeshi: Kelvin?

[07:21] Shangazi Ndeshi: Kelvin nakuona uko hewani.

[07:30] Dada Manka: Shangazi, dirisha likifungwa yuko juu itakuwa shida. Ajaze leo kwanza, kujaza si kwenda. Na ile ya VETA nitapita Njiro kuulizia mwenyewe, nina vitabu vya kikundi cha Kijenge kesho.

[07:34] Shangazi Ndeshi: Haya. Godi nitumie namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, sasa hivi. Nakujazia uhasibu. Na Alhamisi ukishuka usioge, nenda Kibosho moja kwa moja.

[07:35] Ba'mdogo Nderingo: Aoge jamani, Babu ni mtu mzima 😂

[07:52] Shangazi Ndeshi: Godi namba.

[08:20] Shangazi Ndeshi: Wifi mwambie Godi namba.

[08:26] Mama Godi: Wifi, Godi ametoka. Amekwenda soko la Memorial kutafuta buti za mtumba, simu ameiacha kwenye chaji.

[08:27] Baba Mkubwa Aminieli (Dar): Nimetuma laki mbili, yangu na ya Nderingo.

[08:31] Ba'mdogo Nderingo: Ya kwangu nitatuma mwenyewe kaka. Asante.

[08:44] Wifi Rehema: Kwa hiyo Jumamosi ipo au imehamia Alhamisi?